Kilio cha Mashabiki: Nani Mwenye Hadithi?

Mnamo Mei 31, 2023 alikufa msichana mmoja wa Kiislamu wa mji wa Jersey City, Marekani. Jina lake Kamala Khan, mtoto wa wahamiaji waliotoka Pakistan, na wasomaji wa katuni walimjua kwa lakabu ya Ms. Marvel. Hakufa kitabuni mwake. Alifia katika toleo la 26 la The Amazing Spider-Man, kitabu cha mwenyewe mwengine, ambamo hadi siku hiyo alikuwa akionekana kwa nadra, mfano wa mgeni anayepitia barazani na kwenda zake. Julai ya mwaka huo huo kampuni ya Marvel ilitoa kitabu maalumu cha kumwomboleza, Fallen Friend, kikauzwa. Na kabla ya Julai hiyo kwisha, katika kitabu cha tatu kinachohusu watu wengine kabisa, Kamala alifufuka. Arubaini yake ilikuwa ndiyo kwanza imepita.

Binti wa dada yangu, aliyezaliwa na kukulia Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 14 wakati huo. Alimpenda Kamala kwa sababu ambayo msomaji wa jarida hili hana haja ya kuelezwa: katika duka zima la katuni, huyu ndiye aliyekuwa na msikiti anaokwenda, kaka mshika dini anayemuudhi, na wazazi wanaotaka kujua alikuwa wapi hadi saa hizi. Kamala alipokufa, mtoto alinipigia simu akilia. Alipofufuka hakupiga, mimi ndiye niliyempigia. “Mjomba,” akaniambia huku akicheka, “kumbe nilikuwa mjinga.”

Nayaandika haya kwa sababu ya neno hilo. Mtoto aliyemlilia aliyekufa hakuwa mjinga. Mjinga, ikiwa pana haja ya kumtafuta, atafutwe kwengine.

Natambua kuwa wamo miongoni mwetu, na baadhi yao ni washairi ninaowaheshimu, watakaoona kuwa hapa si pahala pa kuzungumzia karatasi za watoto. Jawabu yangu ni fupi. Superman alitokea mara ya kwanza mwaka 1938, na tangu hapo waandishi na wachoraji wasiohesabika wamepokezana kalamu juu ya mtu huyo mmoja. Utungo uliodumu hivyo na kusomwa na watu wengi hivyo ni fasihi, uwe mzuri au mbaya, na fasihi mbaya ndiyo inayomhitaji zaidi mhakiki.

Kwa asiyeijua biashara hii, mambo huenda hivi. Kila shujaa mkubwa ana kitabu chake kinachotoka mwezi hadi mwezi. Kisha, takriban kila mwaka, kampuni huitisha jambo kubwa: hutokea adui wa ulimwengu mzima, mashujaa wote hukusanyika kumkabili, na hadithi huanza kuvuka kutoka kitabu hiki kwenda kile. Nitaziita hadithi za mkusanyiko. Shina lake huwa katika kitabu kimoja, matawi yakatambaa katika vitabu vyengine vingi, kila kimoja kikiuzwa dola 4 au 5 au zaidi, na msomaji aliyezoea kununua kitabu kimoja hujikuta amenunua sita ili asipitwe. Aghalabu lazima afe mtu, kwani tangazo halina nguvu bila ya maiti. Superman alipouawa mwaka 1992, toleo la kifo chake lilitiwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha kufunga mkononi, ili mnunuzi apate na matanga yake humo humo. Mwaka 1993 Superman alikuwa amerudi.

Desturi hii haikuzaliwa na watunzi waliokosa usingizi kwa fikra. Secret Wars, iliyotoka kwa matoleo 12 kuanzia mwaka 1984, iliandikwa na Jim Shooter wakati kampuni ya Mattel ikitaka kuuza vijisanamu vya mashujaa wa Marvel. Shooter mwenyewe ameeleza kwamba hata jina lilitokana na utafiti wa Mattel ulioonesha kuwa watoto huvutiwa na maneno “vita” na “siri”. Mwaka uliofuata kampuni ya DC ilikuja na Crisis on Infinite Earths, ya Marv Wolfman na George Pérez, nayo, nakiri, ilikuwa na kusudio la kitunzi. Hadithi za nusu karne zilikuwa zimegongana, pamekuwa na dunia nyingi na Superman zaidi ya mmoja, na ikatakiwa nyumba ipangwe upya. Humo alikufa Supergirl. Humo alikufa pia Barry Allen, yule Flash, akikimbia peke yake hadi mwili ukamwishia.

Hapa naomba nitue kidogo, maana kisa cha Barry ndicho kinachoonesha vyema nini kilipatikana na nini kikaporwa. Barry alikuwa na kijana aliyemfunza kazi, Wally West, mpwa wa mkewe Iris. Barry alipokufa, Wally alivaa nguo za marehemu na kuchukua jina lake, na kwa zaidi ya miaka 20 yeye ndiye aliyekuwa Flash. Alianza na majivuno yaliyochanganyika na hofu, akiona aibu kuitwa kwa jina la mkubwa wake. Akakua. Akaoa, akazaa mapacha, na ikafika siku ambapo msomaji hakukumbuka tena kumpima kwa kipimo cha marehemu. Kizazi kizima kilisoma katika maisha ya Wally jambo ambalo kila ukoo wa visiwani unalijua: kwamba nafasi ya aliyekufa hukaliwa, kwa taabu, na yule anayemfuata, na kwamba haikaliki ila kwa kuwa mwenyewe harudi. Kifo cha Barry ndicho kilichokuwa urithi wa Wally.

Mwaka 2008 Barry akarudishwa. Sababu za ndani ya hadithi zilitolewa, na sitaziorodhesha. Mwaka 2011, baada ya mkusanyiko ulioitwa Flashpoint, DC ilianza upya na vitabu 52, na Wally, mkewe na watoto wao hawakuwamo. Si kwamba walikufa, bali hawakuwa wamepata kuzaliwa. Alirudi mwaka 2016 akakuta mkewe hamkumbuki. Kisha katika Heroes in Crisis, ya mwaka 2018 hadi 2019, akafanywa aliyewaua wenzake na kuficha ushahidi. Mashabiki wakapiga kelele, na walipopiga kelele wakaambiwa kuwa ni wazee wasiopenda mabadiliko. Jamani, nani asiyependa mabadiliko? Mabadiliko yalikuwa ni Wally! Kelele ile ilikuwa ya watu waliomwona mrithi halali akitolewa nyumbani ili marehemu apate pa kukaa, na mimi nathubutu kusema kuwa uhakiki uliokuwamo ndani ya kelele hiyo, pamoja na matusi yake, ulikuwa sahihi kuliko makala mengi ya wasomi.

Hata hivyo sikuja hapa kuwapigia makofi mashabiki. Mwaka 1988 DC ilitangaza nambari mbili za simu. Jason Todd, kijana aliyekuwa Robin wakati huo, amepigwa na Joker na kuachwa ndani ya nyumba inayolipuka: anayetaka apone apige nambari hii, anayetaka afe apige ile, senti 50 kwa kila simu. Waliotaka afe walikuwa 5,343. Waliotaka apone walikuwa 5,271. Kura 72 zikamzika mtoto. Wapo waliopiga zaidi ya mara moja, wakilipia kila mara. Siku hiyo mashabiki walikaa kiti kimoja na mchinjaji, na kampuni ikajionea kuwa damu ina wateja.

Baada ya hapo ukaenea msemo miongoni mwao kwamba katika katuni hakuna anayebaki kaburini isipokuwa watu watatu: Bucky, kijana aliyefuatana na Captain America vitani, huyo Jason Todd, na Ben, ami yake Peter Parker, ambaye kuuawa kwake ndiko kulikomfanya Peter awe Spider-Man. Ulikuwa mzaha, lakini ndani yake mlikuwa na hesabu ya kweli: hivi ndivyo vifo vitatu ambavyo, vikifutwa, aliyebaki hai hana tena sababu ya kuwa alivyo. Mwaka 2005 alirudi Bucky. Mwaka huo huo akarudi Jason. Naungama kuwa kurudi kwa Bucky, kulikoandikwa na Ed Brubaker, ni hadithi nzuri, pengine nzuri kuliko zote za kipindi hicho, na hapo ndipo penye mtego: hadithi moja nzuri ya ufufuo hulipia mia zilizo mbovu.

Basi ni nani wa kulaumiwa? Mashabiki wengi humlaumu mwandishi. Humtaja kwa jina, humtukana, huapa kutosoma tena kitu chake, kisha hununua toleo linalofuata ili wapate cha kulaani. Wengine wanasema katuni ziliharibiwa na kuingizwa kwa wanawake, watu weusi na Waislamu. Hawa sina muda mrefu nao. Kamala hakumfukuza mtu. Yeye ndiye aliyeuawa.

Mwandishi ni kibarua. Tazameni mwaka 2016, pale Captain America alipotamka kuwa ni mtu wa Hydra, lile kundi ambalo kwa miaka mingi limechorwa kuwa ndugu wa Wanazi. Shujaa huyu aliundwa na Joe Simon na Jack Kirby, vijana wawili wa Kiyahudi, na kwenye jalada la kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1941, anaonekana akimpiga Hitler ngumi ya taya wakati Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Waliokasirika mwaka 2016 walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini nani aliyekuwa na uwezo wa kusema “hapana, huyu siye”? Kirby alifariki mwaka 1994, na hata uhai wake, katika miaka ya 1980, alilazimika kupigania kurejeshewa karatasi alizozichora kwa mkono wake mwenyewe. Siegel na Shuster, waliomtunga Superman, waliuza haki zake zote mwaka 1938 kwa dola 130. Ilibidi ifike mwaka 1975, tena baada ya aibu ya hadharani, ndipo walipopangiwa kiinua mgongo cha dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja.

Mimi naona shina la ubovu ni hilo, na wingi wa mikusanyiko, kuchoka kwa waandishi na bei za vitabu ni matawi yake tu. Aliye na haki ya kuimaliza hadithi si mwenye hadithi, na mwenye hadithi ana kila sababu ya kutoimaliza.

Linganisheni na shujaa wa pwani yetu. Fumo Liyongo aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, kitovuni. Masimulizi yanasema alikufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wakakaa siku kadhaa wakiogopa kuteka maji kwa kudhani yu hai. Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913. Kabla yake na baada yake wamekuwapo wengine, kwa nathari, kwa mashairi na kwa nyimbo. Kila mmoja alikuwa huru kumchukua Liyongo na kumsimulia apendavyo, na uhuru huo haukumfufua. Yule mwana msaliti habadiliki kuwa ndoto, wala sindano haigeuki kuwa ya mtu aliyejifananisha naye. Si kwamba watunzi wetu walikuwa na maadili kuliko wa New York. Ni kwamba hapakuwa na mtu aliyepata hasara kwa Liyongo kufa, wala duka lililokuwa likimngoja mwezi ujao.

Kinyume chake ni Storm, ambaye kwetu si mgeni kabisa. Alipoletwa kwa wasomaji mwaka 1975 alikutwa Kenya, akiabudiwa kama mungu wa mvua, na baadaye tukaelezwa kuwa mama yake alikuwa binti wa kifalme wa huko. Mwenye kuijua Kenya na acheke kidogo, kisha tuendelee. Mwaka 2006, mkusanyiko wa Civil War ukiwa umepamba moto, Storm aliolewa na Black Panther, mfalme wa Wakanda, na ndoa ikatangazwa kwa ngoma na vigelegele. Mwaka 2012, katika mkusanyiko mwengine, Avengers vs. X-Men, mume akatamka kuwa ndoa imevunjwa. Hakutamka katika kitabu chake wala cha mkewe. Hapakuwa na wazee waliokaa kitako, wala eda iliyohesabiwa. Palikuwa na vita vya watu wengine, na kurasa chache zilizobaki wazi. Nimewasikia mashabiki wakibishana kama wawili hao walikuwa wakifaana. Hilo si suala. Suala ni kuwa watu wazima wawili waliozwa na kuachanishwa kwa ratiba ya mauzo, na hakuna aliyepewa kurasa za kutosha za kupendana wala za kuchukiana.

Nitajibiwa, na nimekwisha kujibiwa, kwamba yote haya ni mchezo, kwamba kila mtu anajua kuwa shujaa atarudi, na anayelia kwa kifo cha katuni hajazijua kanuni. Hiyo ndiyo hoja iliyomfunza mpwa wangu kujiita mjinga. Ikiwa kila mtu anajua, kitabu cha maombolezo kiliandikwa kwa ajili ya nani? Kitambaa cheusi cha mwaka 1992 kilifungwa mkononi mwa nani? Biashara hii haiishi kwa wanaojua. Inaishi kwa yule mmoja ambaye bado hajajua, anayelia kweli, na akishajua huachwa aende zake akaletwa mwengine.

Wapo wenye hoja iliyo bora kuliko hiyo. Wao hunikumbusha mwaka 2019, pale Jonathan Hickman alipowahamishia X-Men wote katika kisiwa cha Krakoa na kuufanya ufufuo uwe ndiyo mada yenyewe: watu watano wenye vipaji wakishirikiana waliweza kumrudisha yeyote aliyekufa, na hadithi ikauliza taifa lisilo na kifo litakuwa na sheria gani, dini gani, woga gani. Fikra hiyo ilikuwa kubwa, na kwa miaka miwili mitatu niliisoma kwa shauku. Lakini Hickman aliondoka mwanzoni mwa mwaka 2022 kabla ya kufika alikokusudia, kisiwa kikaendelea bila ya nahodha, na mwaka 2024 kikafungwa ili X-Men warudi karibu na walikotoka. Na ufufuo wa Krakoa, ule uliokuwa umebuniwa kuuliza maswali, ndio huo huo uliotumiwa Julai 2023 kumtoa Kamala Khan kaburini bila ya kuulizwa swali lolote.

Asiniambie mtu kuwa utanzu wenyewe ndio usiokubali mwisho. Invincible ya Robert Kirkman, iliyochorwa na Cory Walker na Ryan Ottley, ni katuni ya mashujaa wanaoruka angani na kuvunja milima kama hao wengine. Ilianza mwaka 2003, ikaisha mwaka 2018 kwa toleo la 144, kwa sababu walioitunga ndio waliokuwa nayo mkononi na waliona imekwisha. Wanaokufa humo, wengi wao, wamekufa. Shabiki anayeisoma haulizi atarudi lini fulani. Anauliza mjane atafanya nini. Hayo ni maswali mawili ya mbali sana, na la pili ndilo ambalo watu wameanza kusimulia hadithi ili walijibu.

Kwa sheria ya Marekani ilivyo sasa, Superman wa mwaka 1938 atakuwa mali ya umma Januari 2034. Siku hiyo shabiki atapata, kwa shujaa mmoja na kwa sura yake ya kwanza tu, kile alichokuwa nacho Kijumwa mwaka 1913. Nina hamu ya kuona wangapi kati ya wanaolalamika leo watashika kalamu, na wangapi watasubiri kuambiwa na kampuni ni yupi aliye wa kweli.

Mpwa wangu sasa ni msichana mkubwa. Hanunui tena mikusanyiko. Anavyo vitabu vya mwanzo vya Kamala, vile vya mwaka 2014 vilivyoandikwa na G. Willow Wilson na kuchorwa na Adrian Alphona, na anaviazimisha kwa masharti makali. Nilipomuuliza kama Kamala wa leo ndiye yule yule alifikiri, kisha akasema hajui, kwa sababu yule aliyemjua yeye alikufa.

Msemo wa wale watatu umebakiwa na mmoja. Katika ulimwengu wa pembeni ulioanzishwa na Marvel hivi karibuni, ambao Spider-Man wake alianza Januari 2024, Ami Ben yu hai tangu ukurasa wa kwanza; lakini huyo hakupata kufa, kwa hiyo hakufufuka, na sina ugomvi naye. Yule wa ulimwengu mkuu, aliyezikwa tangu mwaka 1962, bado yumo kaburini. Naamini ipo siku atatangazwa, kwa mabango na majalada ya aina tano. Mashabiki mnaonisoma, na najua mnanisoma kwa sababu barua zenu za kunikemea hunifikia, ombi langu kwenu ni hilo moja: siku hiyo msitie mkono mfukoni.